Kamba ya Kiboko Haifungwi Fundo

Ninyi wajukuu zangu, na ninyi vitukuu mnaosoma shule, na rafiki zenu mnaokuja nao kula wali wangu bila kunisalimia vizuri, someni haya mkiwa mmekaa. Mimi naandika huku nikiinuka na kurudi, maana kukaa kumenishinda tangu usichana wangu. Mtaona mbele kwamba kutokaa kwangu kuliwahi kuwa na kazi yake.

Jana nimeona chusa, ule mkuki wenye kamba wa kumchomea kiboko, kimeegemezwa kwenye ghala. Mpini umepasuka, na mmoja wenu ameufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Hilo nalivumilia. Lakini kamba yake ilikatika katikati, na mmeiunga kwa fundo kubwa kama ngumi ya mtoto. Nikauliza, fundi ni nani? Mkacheka.

"Bibi, ni ya muda tu. Kiboko anakula mpunga wetu sasa hivi, hawezi kungoja tukanunue kamba Ifakara."

Nikauliza, mnatoka nacho lini? Mkasema keshokutwa. Ndiyo maana naandika leo.

Na lile donge jeusi linaloning'inia juu ya mlango wangu, mnalowaambia wageni kwamba ni uganga wa bibi, si uganga. Nitafika huko. Nina haraka lakini nitafika.

Kazi yangu ilikuwa kusokota kamba za kuwindia. Nilisokota za nyavu za nguruwe, za mitego ya paa, na hasa kamba ya chusa cha kiboko. Wanaume ndio walioingia mtoni na mitumbwi na kurudi wakijisifu, lakini kamba ilitoka kwenye mapaja ya wanawake, na mapaja yangu bado yana ngozi ngumu kama kisigino. Hayo ni mambo ya enzi ya Wadachi, yaani hao Wajerumani mnaowasoma kwenye vitabu, kabla ya vita ya Maji Maji na baada yake.

Msidhani napinga kila kiraka. Baba mkwe wangu alikuwa na gobore, na kitako chake kilipasuka. Akalipeleka kwa fundi mmoja aliyekaa karibu na boma, mtu aliyetoka pwani, mwenye misumari midogo na maneno mengi. Akampa mbuzi anayenyonyesha na asali juu. Gobore likarudi na bamba la shaba linalong'aa, na baba mkwe akazunguka nalo kijiji kizima kama amebeba bibi harusi. Siku ya kwanza kulipiga, bamba likaruka huku, kitako kikaanguka kule, na mzee akabaki ameshika bomba linalotoa moshi, nyusi hana. Kanga aliyelengwa aliendelea kudonoa.

Ng'ombe wa jirani alikuwa amekufa, mama mkwe akaenda kuomba ngozi ya mkia. Akaivua nzima bila kuichana, ikiwa bado mbichi, akaivalisha pale palipopasuka kama mnavyovaa soksi, akaliweka gobore kivulini. Ngozi ilipokauka ilibana kama meno ya mamba. Askari walipokuja kulichukua baada ya vita, kila kitu kilikuwa kimelegea kwenye gobore lile isipokuwa ngozi ya mkia.

Kwa hiyo msiniambie bibi anapenda vya gharama. Kitu kinachobaki mkononi mwako unaweza kukitia kiraka, maana mkono wako upo pale pale unakisaidia. Lakini mshale, chusa, kamba inayokimbia, vitu vinavyotoka mkononi, hivyo vitengenezwe sawasawa hata kama matengenezo yatakula mbuzi wako. Kikishaondoka, huwezi kukifuata majini ukikishikilia.

Kulikuwa na jirani yetu mmoja ambaye hakulielewa hilo. Alipokuwa mpagazi kwenye njia ya Kilosa aliuona waya wa simu wa Wadachi, unapita juu ya nguzo bila mlinzi, akaona ni zawadi. Akakata kipande, akarudi nacho amekificha ndani ya nguo, akafungia vichwa vya mishale yake badala ya mishipa ya mnyama. Ilipendeza sana. Sasa kichwa kilikuwa kizito kuliko mshale wenyewe, akiurusha unakwenda kichwa chini kama mlevi anayetafuta mlango. Hakuua hata sungura. Kisha askari wakapita, wakaiona mishale inang'aa ukutani, wakampeleka bomani akalazwa kifudifudi. Aliporudi alikula akiwa amesimama kwa muda mrefu. Tukimwona tunamwuliza, "Kaka, waya umekutosha au tukuongezee?" Anatutukana, tunacheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati ule.

Aliyenifundisha ni mama mkwe. Kamba ya kiboko inatoka kwenye mkonge mwitu, ule wenye majani magumu kama panga unaoota chini ya miamba upande wa milimani. Unayaponda majani, unayaparua kwa ubao mpaka yabaki nyuzi tupu, unazifua, unazianika, halafu unasokota juu ya paja. Yeye hakuikagua kamba kwa macho. Aliipitisha shavuni, macho amefumba, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Macho yanapenda weupe," aliniambia. "Shavu linataka ukweli."

Kamba yangu ya kwanza aliipitisha shavuni, akafumbua macho, akasema, "Hii itafaa kufungia mbuzi." Akafikiri kidogo. "Hapana. Mbuzi wamenikosea nini?" Akaitupa jikoni tukawashia moto.

Kuunga kamba iliyokatika ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kusokota mpya. Unafumua ncha zote mbili kwa urefu wa mkono. Unaingiza nyuzi za huku kati ya nyuzi za kule, ukiongeza nyuzi mpya na kupunguza za zamani kidogo kidogo, ili mahali pa kuungia pasinenepe. Kisha unailowesha, unaining'iniza mtini na jiwe zito, inyooke na kukauka kivulini, halafu unaipaka mafuta. Ikiisha vizuri, shavu lisijue ilikatikia wapi. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu kiboko akichomwa anazama, na kamba inakimbia kutoka ndani ya mtumbwi kama nyoka aliyemwagiwa maji ya moto. Inapita juu ya ukingo wa mtumbwi mpaka iishe, ndipo boya lililofungwa mwisho wake linafuata. Na mtumbwi gani wa kwetu usio na ufa kwenye ukingo? Kamba laini inapita. Fundo linaingia kwenye ufa na kukwama. Vijana wanasema fundo lao ni imara, halifunguki. Ndilo tatizo lake. Bora lingefunguka.

Ngoja niende nikaangalie sufuria.

Nimerudi. Kulikuwa na kazi moja ya mwisho kwa mwanamke aliyesokota kamba, nayo ni kukaa. Mume wake akiingia mtoni na chusa, yeye anaingia ndani, mlango unafungwa, anakaa juu ya kigoda. Hapiki, hatwangi, haongei, hata kujikuna hapana. Ilisemekana akihangaika yeye, kiboko naye anahangaika na kuugeukia mtumbwi. Na kama mwanamke hakukaa, hakuna mwanamume aliyekubali kupanda mtumbwi mmoja na mume wake. Ndivyo tulivyoishi.

Kwangu ilikuwa adhabu. Safari moja siafu waliingia ndani wakanipanda mpaka magotini. Nilikaa. Babu yenu akarudi jioni na nyama, anaonyesha watu mkwaruzo kwenye bega: "Mnaona? Mnaona alivyonifanya?" Nikainua kanga nikamwonyesha miguu yangu. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha mambo yakaharibika. Mlisikia habari za pamba ya kulazimishwa, kuchapwa, na kodi. Wakaja watu na maji ya dawa, wakasema risasi za Wadachi zitageuka maji. Babu yenu alinyunyiziwa kama wengine. Msimcheke. Mtu aliyechapwa katika shamba ambalo si lake hamwulizi mganga maswali mengi. Alikwenda, akaona risasi zinavyofanya kazi, akarudi. Wengi waliokwenda naye hawakurudi, na yeye hakupenda kulizungumza, basi nami silizungumzi hapa.

Waliokuja baada yake ni askari. Walichoma maghala na mpunga ndani, wakakusanya pinde, mikuki, gobore la baba mkwe na ngozi yake ya mkia. Baba mkwe mwenyewe alifariki mwaka ule ule. Chusa tulikifukia chini ya majivu ya jikoni. Kamba ilikuwa ndefu mno kufukia, na ardhini ingeoza. Nikaisuka kwenye kitanda. Nilitoa ukindu wote, nikavuta kamba ya kiboko kwenye fremu, huku na huku, nikatandika mkeka juu.

Askari akaingia, akapekua, akachoka, akakaa juu yake. "Mama, kitanda chako kigumu."

"Ni cha maskini, bwana."

Akainuka. Nilidhani yamekwisha. Lakini alikuwa amekamata kuku wetu wa mwisho na hana cha kuwafungia miguu. Akafunua mkeka, akatoa kisu, akakata kipande katikati ya kitanda, akafunga kuku wake, akaenda zake. Hakujua alichokikata. Mimi nilijua.

Njaa ikaja. Sitaki kuieleza sana. Tulikula ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, ambacho usipokiloweka vizuri kinakuzungusha kichwa na kukulaza. Tabu, mtoto wangu wa kwanza, ambaye wengine mnamwita mama na wengine bibi, alikuwa bado ananyonya, na maziwa yalikuwa yameniisha. Alikuwa ameacha kulia. Mama yeyote atawaambieni kwamba mtoto anayelia ana nguvu. Mimi wangu alikuwa kimya.

Na mtoni viboko walikuwepo, wanene, wanatuangalia.

Babu yenu akafukua chusa. Akakifumua kitanda, akaziunga ncha mbili kwa fundo. "Kesho asubuhi," akasema.

"Kwa kamba hiyo?"

"Fundo langu halifunguki. Livute wewe mwenyewe."

"Najua halifunguki. Nipe siku chache niiunge."

"Utaiunga kwa nyuzi gani? Za nywele zako? Mtoto anakufa, Mama Tabu!"

"Mtoto ni wangu pia. Ukifa wewe, atakula nini, fundo?"

Mdogo wake, shemeji yangu Mkwata, alikuwa amesimama mlangoni. Huyu alikuwa mtu wa mzaha, hata njaa haikumnyamazisha. "Kaka, mke wako anataka kamba ya kuvalia shingoni. Twende na yangu." Yeye chusa chake na kamba alivificha matopeni, kamba ikaoza sehemu, akakata palipooza na kufunga fundo kama la kaka yake.

Basi nikasema, "Nendeni. Mimi sikai."

Babu yenu akauliza, "Umesemaje?"

"Nimesema sikai. Kesho nitatembea, nitatwanga kinu kitupu, nitacheza ngoma uani. Tafuta mtu atakayepanda mtumbwi na wewe."

Alinyanyua mkono. Mama mkwe, aliyekuwa amempakata Tabu, akamtazama tu, na mkono ukashuka.

Kabla jua halijapanda nilivuka mto kwa juu, mbali na Kivukoni walikokaa askari, nikaenda upande wa Lupiro kwa bibi mmoja aliyeweka nyuzi za mkonge zilizokwisha kuparuliwa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanitazama miguu na mikono, mitupu.

"Una nini?"

Nilikuwa na jembe. Ndilo chuma pekee askari walichotuachia. Akachukua jembe, akanipa kishungi cha nyuzi kisichojaa kwapa.

Niliporudi babu yenu alikizungusha kishungi mkononi. "Umetoa jembe," akasema, "kwa nyasi."

Nilikuwa nimeanza kufumua fundo lake.

Nilifanya kazi ile nikitembea. Ncha moja nimeifunga kwenye mti, ninasokota huku nazunguka ua, kwa sababu nilijua nikikaa tu, hata kupumzika, watasema, huyo amekaa, twendeni. Nilikula nimesimama. Nilimbeba Tabu nikitembea, nikimlambisha maji ya ndiga kwenye kidole, naye ananitazama bila kulia. Wanawake wakapita nje ya ua wakisema kwa sauti ili nisikie: "Wengine wanataka watoto wao wafe wakiwa na kamba nzuri." Nilitaka kutupa kila kitu nikakae. Mara nyingi nilitaka.

Mkwata hakungoja. Alimchukua jirani mmoja wa kupiga kasia. Babu yenu alitaka kwenda nao, na jirani akakataa wazi: "Mke wako anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Sipandi na wewe." Wakamwacha ukingoni.

Mke wa Mkwata alikaa. Nataka mlisome hili vizuri. Alikaa ndani, mlango umefungwa, mikono juu ya magoti, na alijua kukaa kuliko mwanamke yeyote pale. Hakutikisika.

Jirani alirudi peke yake, analia na kutapika maji. Alitueleza: chusa kiliingia vizuri, kiboko akazama, kamba ikakimbia, fundo likafika kwenye ufa wa ukingo na kukwama. Mtumbwi uliinama mbele kama kuku anayekunywa. Mkwata aliinama kulichomoa fundo kwa mkono. Vidole vikabanwa, mtumbwi ukapinduka naye majini. Hakutoka tena.

Walilikuta boya siku iliyofuata kwenye matete, na kamba nyuma yake. Chusa hakipo, Mkwata hayupo. Wakaileta kamba uani, na watu wakanigeukia mimi.

"Ulitembea!" mmoja akapiga kelele. "Mke wake alikaa, wewe ulitembea, umetuulia mtu!"

Mama mkwe, ambaye mtoto wake ndiye aliyekufa, akaokota kamba. Akafumba macho, akaipitisha shavuni kama alivyofanya siku zote. Ikapita, ikapita, ikafika kwenye fundo, ikasimama. Akalishika pale shavuni kwa muda. Lilikuwa limekaza vile vile, na kwenye mkunjo wake kulikuwa na kibanzi cha ukingo wa mtumbwi.

Akalikata huku na huku kwa kisu, likabaki donge, akamwekea babu yenu mkononi. Akaenda kukaa na mke wa Mkwata.

Babu yenu alitoka. Niliposikia tena hatua zake alikuwa anarudi amebeba jiwe, kubwa, amelikumbatia. Akasema, "Hili litatosha kunyoosha?"

Nikasema, "Litatosha."

Tuliining'iniza pamoja. Kamba ilipokauka, hatukuwa na mafuta ya kuipaka, tukaipaka nta ya nyuki. Mama mkwe akaipitisha shavuni, ikapita yote bila kusimama. Akatikisa kichwa kukubali, na ndipo nilipoingia ndani nikakaa. Miguu yangu bado ilitaka kutembea, nikaishika kwa mikono yote miwili ili itulie.

Babu yenu aliingia mtoni na wenzake, na walirudi wote. Nyama iligawiwa ua kwa ua, wa kwanza ule wa Mkwata, na nyumba zile zilizonisema zilipata sawa na wengine. Tabu alinyonya mchuzi kwenye kidole changu, siku ya pili akakiuma, siku iliyofuata akalia. Alilia usiku na mchana, na hakuna aliyemnyamazisha. Jembe hatukulipata tena. Msimu ule tulipanda kwa vijiti vilivyochongwa, tukiwa tumeinama mpaka migongo ikataka kukatika, na babu yenu hakunitajia neno nyasi.

Kabla ya ile nyama kwisha, niliwaita wote wa nyumba yetu uani. Nikachukua fundo la Mkwata, nikalifunga juu ya mlango, nikawaambia: "Hili lisifunguliwe, wala lisitupwe. Anayekwenda mtoni atapita hapa chini na kamba yake mkononi, aipitishe shavuni, mbele yangu. Akikuta fundo, arudi ndani, afunge mlango, akae yeye."